Kuku wa Askari na Mboga za Uani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wa Jeshi la Ulinzi la Taifa na wa Polisi ya Taifa, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kuku na mboga. Wapo watakaosema kwamba hilo si jambo la kuzungumzwa na watu wenye silaha mabegani. Tunawaomba wavute subira, maana jambo lenyewe limekwisha kuingia katika sheria za nchi, na penye sheria askari ndiye anayetazamwa kwanza.

Tarehe 4 Oktoba 2018 ilitolewa sheria inayotaka mifugo yote nchini Burundi ifugwe zizini, na inayokataza wanyama na ndege wa kufugwa kuzurura ovyo. Wengi walioisikia habari hiyo walifikiria ng'ombe na mbuzi tu. Lakini sheria inataja pia ndege wa nyumbani, na kuku wamo. Wananchi walipewa miaka mitatu ya kujitayarisha, na muda huo ulikwisha mwezi Oktoba 2021. Basi na tujiulize: ikiwa katika mtaa kama Magarama, hapa Gitega, mtetea wa polisi anaruka ukuta na kuparua kitalu cha lengalenga cha mama jirani, mama huyo aende kumshtaki nani, na kwa nani? Mwenye kulinda sheria ndiye mwenye kuku. Mambo madogo ya namna hii ndiyo yanayovunja heshima ya sare mtaani, kuliko hata yale makubwa.

Hata hivyo hatukukusudia kuwatisha wafugaji. Tunataka kueleza kwa nini kumfungia kuku, ambako wengi wanakuona kuwa ni mzigo, ndiko kunakowezesha uga mdogo wa mjini kulisha familia, na ni masharti gani yanayohitajika ili kufungia huko kusigeuke hasara.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Mrundi hakuzoea kukaa kijijini nyumba kwa nyumba. Tangu zamani kila familia ilijenga rugo lake juu ya kilima, limezungushiwa uzio, na migomba ikasimama kulizunguka. Migomba ile haikustawi kwa bahati. Ilipewa samadi, majivu, maganda na takataka zote za nyumbani, na kwa hiyo udongo wa karibu na nyumba ulikuwa mweusi na wenye rutuba kuliko ule wa mbali. Wazee hawakuhitaji mtaalamu awafundishe kwamba kinachotoka jikoni na zizini kirudi ardhini. Sasa mtu akihamia mjini huacha elimu ile kilimani, kana kwamba ilikuwa mali ya kilima na si yake. Katika mtaa takataka hutupwa nje ya lango, kuku huachwa barabarani, na mboga hununuliwa sokoni kila siku kwa fedha za mshahara.

Na mji unakua. Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi, mwanzoni mwa mwaka 2019, watumishi wanaohitaji nyumba hapa wameongezeka. Chukueni mfano wa kiwanja cha mita 15 kwa 20. Ukiondoa nyumba, jiko, choo na njia, huenda kikabaki nyuma kipande cha mita 8 kwa 10. Kipande hicho hakitoshi kulima mahindi wala maharagwe ya kulisha watoto watano, na anayejaribu anajisumbua bure. Nafaka na maharagwe yatatoka kilimani au sokoni. Kazi ya uga ni kutoa kile kinachokosekana kwenye sahani iliyokwisha kupata ugali na maharagwe, yaani majani mabichi kila siku na yai mara kadhaa kwa wiki.

Katika mita 8 kwa 10, kuku walio huru na mboga haviwezi kukaa pamoja. Kuku ana kucha na ana njaa, naye hawezi kutofautisha mche na gugu. Familia nyingi huchagua kimoja, wakaacha kingine. Banda ndilo linaloondoa ugomvi huo. Kuku kumi na jogoo mmoja wanatosheka na chumba cha kulala cha mita tatu za mraba, na mbele yake uwanja wa mita mbili kwa nne uliozungushiwa matete, mianzi au wavu wa waya. Sakafu ya banda iinuliwe au ijengwe mahali pasipotuama maji. Ndani pawe na vijiti vya kulalia, kwa sababu kuku kwa asili yake hulala juu, na viota vyenye giza kidogo vya kutagia. Chini yamwagwe maranda ya mbao au majani makavu yafikie kina cha vidole vinne, yageuzwe mara kwa mara, na yanapolowa yaondolewe.

Hayo maranda yaliyochanganyika na mavi ya kuku ndiyo hazina ambayo kuku wa barabarani huitupa. Kuku kumi hutoa takribani kilo moja ya mavi kwa siku, na mbolea yake ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Nguvu hiyo ndiyo pia hatari yake. Ikiwekwa mbichi kwenye shina la mboga huiunguza, na huweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo hadi kwenye majani yatakayoliwa. Hapana budi irundikwe pamoja na nyasi, majani ya migomba na majivu kidogo, inyunyiziwe maji, ifunikwe, igeuzwe kila baada ya wiki mbili, na iachwe ioze kwa miezi miwili au zaidi. Ikiwa tayari hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Sasa tuje kwenye pingamizo la wafugaji, nalo ni la haki. Wanasema: kuku aliye huru hujitafutia, kuku aliyefungwa lazima alishwe, na mshahara haulishi watoto na kuku pamoja. Hesabu yake ni hii. Kuku mkubwa wa kisasa hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku kumi basi hula zaidi ya kilo 30 kwa mwezi. Mwenye kununua chakula chote hicho dukani na kuuza mayai machache mtaani atapata hasara, nasi hatutamdanganya. Hapa ndipo wengi huvunjikiwa na moyo, wakafungua mlango wa banda usiku na kuamka wakisema kuku wametoroka.

Jawabu la kwanza ni kupunguza idadi. Familia isiyo na uhakika wa chakula ianze na mitetea watano wa kienyeji. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano kisha hutaka kuatamia, na kwa mwaka hufanya hivyo mara tatu au nne. Ni machache yakilinganishwa na ya kuku wa kisasa, ambaye anaweza kutoa mayai 250 na zaidi kwa mwaka, lakini wa kienyeji havunjiki moyo akikosa chakula cha dukani siku mbili, na huangua vifaranga wake mwenyewe kwa siku 21 bila ya mashine wala umeme.

Jawabu la pili ni kutazama kinachotupwa. Pumba za mahindi na za mchele, machicha ya pombe ya mtama tuiitayo impeke, na mabaki ya ugali vyote hulisha kuku. Gitega kuna kiwanda cha bia cha Brarudi, na machicha ya shayiri yatokayo katika viwanda vya namna hiyo ni chakula kizuri yakichanganywa kidogo kidogo, mradi yatumiwe kabla hayajachacha. Vumbi na vichwa vya dagaa wa Tanganyika, ndagala wetu, humpa kuku nguvu za kutaga. Maganda ya mayai yakaushwe juu ya moto, yasagwe, yarudishwe bandani, maana kuku anayekosa chokaa hutaga mayai laini, kisha huanza kuyala. Majani ya mboga yaliyozeeka na magugu laini yafungwe fungu na kuning'inizwa, ili kuku wayadonoe bila kuyakanyaga. Lakini mahindi yenye ukungu wasipewe kamwe, maana yana sumukuvu. Na avoka, ambayo imejaa tele katika nyua zetu, ni sumu kwa ndege. Maganda yake na kokwa lake yaende kwenye shimo la mboji, yasipite bandani.

Yote hayo, ndugu wasikilizaji, ni kazi ya mikono. Lipo jambo moja ambalo mikono ya familia moja haiwezi, nalo ndilo linalomaliza kuku wa Afrika Mashariki kuliko mwewe, vicheche na wezi wote wakijumlishwa. Ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, na waganga wa mifugo huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mnamo miaka ya 1926 na 1927. Kuku husinzia, mabawa yakaanguka, akapumua kwa kukoroma, akahara kijani. Wengine hupindika shingo hata kichwa kikatazama mgongo. Mdondo ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu wote kwa muda wa siku chache. Hauna dawa. Yule anayeuza vidonge sokoni kwamba vinautibu anauza uongo, na vitunguu saumu na pilipili tunavyoviweka katika maji ya kuku havijapata kuuzuia.

Huja zaidi wakati wa kiangazi, na huja pamoja na sikukuu, kwa sababu wakati huo kuku husafirishwa kwa wingi kutoka soko hadi soko. Na hapa tuseme ukweli unaouma. Mtu akiona kuku wake wawili wamesinzia, hukimbilia kuwauza waliobaki kabla hawajafa. Fedha anapata, lakini ameupeleka ugonjwa sokoni, na kutoka sokoni utarudi mtaani kwa jirani yake. Kuku waliokufa wachomwe au wazikwe chini sana, wasitupwe jalalani mbwa wakawatawanya. Mnunuzi naye asiingize kuku mgeni moja kwa moja katika banda. Amtenge wiki mbili, amlishe mwisho baada ya kuwalisha wenyeji, kisha anawe mikono na viatu.

Kinga ipo, na imekuwako kwa miaka mingi. Tatizo la chanjo za zamani lilikuwa baridi. Zilihitaji jokofu tangu kiwandani hadi kwa mfugaji, nalo jokofu katika vilima vyetu ni kitu adimu. Wataalamu wa Australia wakatayarisha chanjo iitwayo I-2 isiyoharibika upesi kwa joto, nayo imekuwa ikitengenezwa katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwamo Tanzania. Hutolewa kwa tone moja katika jicho la kuku, mkubwa kwa mdogo dozi ni ileile, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Kwa hali ya Gitega tungependekeza mwezi Mei usikosekane kamwe katika ratiba hiyo, ili kiangazi cha Juni hadi Agosti kiwakute kuku wamekwisha kukingwa. Wachanjwe wazima tu. Chanjo haimwokoi aliyekwisha kuugua.

Tatizo ni kwamba chupa moja ya chanjo huwa na matone ya kuku mamia, na ikifunguliwa haikai siku nyingi. Mwenye kuku watano atainunua ya nini? Na hata akiinunua, kuku wake wamezungukwa na kuku mia wa jirani wasiochanjwa. Ndiyo maana tukasema mikono ya familia moja haitoshi. Nyumba ishirini za mtaa mmoja zikichanga fedha, zikakubaliana siku, zikamwita mganga wa mifugo wa komini, gharama ya kila kuku inakuwa ndogo kabisa, na mtaa mzima unakingwa asubuhi moja. Kazi ya namna hiyo inataka orodha, saa, na mtu wa kuwaita watu wakaitika. Nani katika mtaa amefundishwa mambo hayo matatu kuliko askari? Na ifanyike alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Mtaa ambao kuku wake wanalala juu ya miti hauchanjiki. Hapo tena banda linalipa gharama yake.

Kwa upande wa mboga maneno ni machache, kwani akina mama wetu wanaijua kazi hii kuliko mtangazaji. Lengalenga huvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, na ukikata shina badala ya kung'oa huchipua tena. Sukuma wiki huchumwa jani kwa jani kwa miezi mingi. Intore, zile nyanya chungu zetu, huvumilia, na majani ya maboga hutambaa juu ya uzio bila kudai nafasi. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili, usipande chote siku moja, ama sivyo utakuwa na mboga za kugawa mwezi huu na za kununua mwezi ujao.

Kiangazi ndicho kipimo. Wakati mvua zinanyesha kila mtu ni mkulima. Mwezi Julai ndipo bei ya mboga inapopanda, na ndipo vitalu vya mtaani vinapokauka kwa sababu maji ya bomba hayatoshi. Wakazi wa Kibera, Nairobi, ambao hawana hata uga, hupanda mboga katika magunia: udongo na mboji hujazwa guniani, katikati hupangwa nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia moja huchukua miche arobaini na zaidi, na hunywa maji kidogo kwa sababu hayapotei pembeni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanalitosha. Maji ya sabuni nyingi yapewe mgomba. Majirani zetu wa Rwanda nao wana kilimo chao cha mviringo karibu na jiko, akarima k'igikoni, na hakuna aibu ya kumwiga jirani katika jambo jema.

Kwa nini tunalisisitiza hili kwa watu wa majeshi? Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Mtoto wa askari hayumo nje ya hesabu hiyo kwa sababu baba yake amevaa sare. Mtoto hudumaa penye chakula pia, ikiwa chakula chenyewe ni cha aina moja kila siku na magonjwa yanamwandama. Huko Ecuador, watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka 2017 waliwapa watoto wachanga wa miezi sita hadi tisa yai moja kwa siku kwa muda wa miezi sita, na kudumaa kukapungua karibu nusu. Jaribio kama hilo lilipofanywa Malawi halikuleta tofauti hiyo. Watoto wa kule walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa hiyo yai si hirizi. Linasaidia zaidi pale ambapo mtoto hana samaki wala nyama wala maziwa, na kila mmoja wetu anaijua sahani ya nyumbani kwake. Ila mayai yanayouzwa yote ili kununua soda hayamsaidii mtoto wa nchi yoyote. Na uwanja wa kuku utengwe na mahali mtoto anapotambaa, maana mavi ya kuku mdomoni huharibu kile ambacho yai limejenga.

Wapo miongoni mwenu waliotumikia mbali. Kuanzia Desemba 2007, na kwa miaka mingi iliyofuata, maelfu ya askari wa Burundi walikwenda Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Katika miezi ile mtu wa kuendesha nyumba alikuwa mama, na mshahara ukichelewa hakuna anayemkopesha mboga kila siku. Nyumba iliyokuwa na vitalu vinne na mitetea sita ilikuwa na kitu cha kutia chunguni. Askari anajua maana ya akiba ya nyuma ya mstari.

Elimu hii haihitaji chuo. Nchini Tanzania, mwaka 1973, kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na mwaka 1975 ikafuata nyingine, Chakula ni Uhai. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Kambi zetu zina uwanja, zina redio, na zina saa ya mapumziko.

Limebaki swali ambalo polisi huliuliza kuliko wote, nalo ni la uhamisho. Leo mtu yuko Magarama, kesho amri inampeleka Muyinga, na nyumba yenyewe ni ya kupanga. Ajengee nini banda katika uga wa mwingine? Na ajenge banda la kufunguka: mbao na wavu vilivyofungwa kwa skurubu na kamba, visivyopigiliwa misumari, vinavyopakiwa garini pamoja na kitanda. Kabla ya kujenga amwombe mwenye nyumba ruhusa, na wakubaliane juu ya mboji. Kuku wasafirishwe usiku au alfajiri katika matenga yenye hewa, wakiwa wamechanjwa si chini ya wiki mbili kabla, na wafikapo Muyinga watengwe kwanza na kuku wa huko. Magunia ya mboga yamwagwe udongo, yakunjwe. Mbegu za lengalenga na za intore zifungwe katika karatasi, ziandikwe mwezi zilipokaushwa. Udongo mweusi utabaki Magarama, naye atakayepanga nyumba ile baada yake ataukuta.